Jimbo Lililokukataa Mara Nne

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Ni mimi Zuhura, mtoto wa dada yako. Nakuandikia kutoka Walthamstow, hapa London, kwenye meza ya jikoni, leo sina zamu kazini na mwanangu Salma ameshatoka. Huu ni mwaka wa sita tangu uzikwe. Ungekuwa hai ningekupigia simu tu, maana barua hukuzipenda. Ulikuwa ukisema barua haina sauti, na fundi redio anataka kusikia sauti.

Nina habari ya jimbo. Wameligawa. Upande wa stesheni na Gulio umekuwa jimbo moja, na kule ng'ambo ya reli, kulikojengwa sana tangu nilipoondoka, kumepewa jina jipya na kutapata mbunge wake. Jimbo la Mjini ulilolijua wewe halipo tena kwenye karatasi. Nilipopata habari hiyo nilikuona kabisa: ungeiweka bisibisi chini, halafu ungeuliza, "Na mpaka wameupitisha wapi?" Na ungetaka kuambiwa nyumba kwa nyumba.

Watu wengine nyumbani kwetu walijua nasaba zao. Wewe ulijua wabunge. Nilikuwa nikitoka shule nakuja dukani kwako, pale mkabala na stesheni, nakaa juu ya kreti la soda huku ukichomea waya, na moshi ule wa risasi ukinipanda puani. Ndipo uliponisimulia chaguzi za zamani, za chama kimoja, wakati wagombea walikuwa wawili tu, wote wa chama hichohicho, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Ulinisimulia jinsi mama yako, Bibi yetu, alivyopiga kura ya nyumba mwaka ule alioezeka paa lake, na uchaguzi uliofuata akapiga ya jembe kwa sababu mvua ilikuwa nzuri. Babu alikasirika, akamwambia kura si mambo ya paa wala mvua. Bibi akamjibu kwamba yeye hawajui wale watu wawili, lakini jembe analijua na nyumba anaijua. Ulikuwa ukifika hapo unacheka mpaka unaivua miwani.

Kupitia kwako nikawajua wote. Karani wa reli aliyekaa bungeni miaka kumi bila kusema neno, na siku aliposimama kuzungumza aliomba dirisha lifungwe. Mwalimu mstaafu aliyemwondoa karani, akawa anarudi kila wikiendi kwa treni ya daraja la tatu ili asikie watu wanalalamika nini. Ulimpenda sana yule mwalimu. Ulisema alishindwa kipindi cha pili kwa sababu watu walianza kumzoea, wakaona mbunge wa kweli hawezi kuwa mtu mnayekaa naye benchi moja.

Kisha vikaja vyama vingi, na siku moja ukarudi nyumbani kwetu ukamwambia mama kwamba umechukua fomu. Mama alikuwa anachambua mchele. Alikuuliza, "Fomu ya nini?" Ukasema ya ubunge. Akaendelea kuchambua, halafu akakuuliza kama mkeo anajua.

Mama Rehema alikuwa hajui. Hilo nalo lilikuwa jambo.

Kampeni yako ya kwanza naikumbuka kuliko sikukuu zote za utoto wangu. Spika ulitengeneza mwenyewe, ukaifunga nyuma ya baiskeli pamoja na betri ya gari, na kila ukipita kwenye shimo sauti ilikatika, kwa hiyo watu wa Gulio walisikia nusu ya sera zako na watu wa Stesheni nusu nyingine. Wenzako walikuwa wanaahidi uwanja wa ndege. Wewe ulisimama sokoni katika suti yako ya Kaunda, ile ya kijivu, ukasema: "Uwanja wa ndege sitaleta. Nitauliza kwa nini bomba la Gulio halitoi maji, na nitauliza kila siku mpaka wachoke na mimi." Watu walicheka, wakakupigia makofi, wakakununulia chai. Kisha wakaenda kuwapigia wengine kura. Ulikuwa wa mwisho.

Kesho yake asubuhi ulivaa suti ileile ukaenda nyumbani kwa aliyeshinda kumpa mkono. Nilikufuata. Sikuelewa kwa nini mtu aliyeshindwa amevaa vizuri hivyo. Njiani ukaniambia mtu akiomba kazi kwa watu, wakampa mwenzake, inabidi aende akamwone huyo mwenzake, amjue uso kwa uso, kwa sababu kuanzia siku hiyo ni mbunge wake na yeye.

Uchaguzi wa pili ulishindwa tena. Katikati ya kipindi mbunge akafariki, ukaja uchaguzi mdogo, ukashindwa huo pia. Lakini barua hii itasomwa na wengine pia, na nataka wasome hapa jambo ambalo wengi wameshalisahau. Ulikuwa na daftari la shule lenye jalada la bluu, na humo uliandika kila ahadi iliyotolewa jukwaani na kila aliyeshinda. Yule mfanyabiashara aliyeshinda uchaguzi mdogo alileta redio yake dukani, na siku ya kuichukua akaikuta imeshapona, lakini kabla ya kumkabidhi ulimwomba akae kidogo. Ukamfungulia ukurasa wake ukamsomea, polepole, bila kumkejeli. Maji ya Gulio yalikuwa mstari wa nne. Alikuja mara tatu mwaka ule, maana redio ile ilikuwa ya zamani, na mara zote tatu ulimsomea. Mara ya tatu alicheka akasema, "Fundi, wewe ukishindwa unasumbua kuliko ungeshinda." Bomba likatoa maji kabla ya mfungo. Walimwimbia yeye, na wewe ukaenda na ndoo yako ukapanga foleni kama wengine.

Sasa naingia kwenye uchaguzi wa nne, ule wa mwisho. Nimeondoka mezani kupika chai, nimerudi, chai imepoa, na bado sijaandika.

Mwaka ule mambo yalikuwa mengine. Yule mfanyabiashara alikuwa ameshachokwa. Vijana wa pikipiki walikuwa wako, mama ntilie wa stesheni walikuwa wako, hata wazee waliokuwa wakikununulia chai tu safari hii walisema watakupa na kura. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza shule, nasubiri majibu ya chuo. Ukaniita ukaniambia unataka niwe wakala wako katika kituo cha Shule ya Msingi Stesheni, chumba cha darasa la nne. "Kazi ya wakala ni kukaa na kuona," uliniambia. "Huna haja ya kugombana na mtu. Kaa, ona, na mwisho uniletee nakala ya fomu." Ulinipa kalamu mbili, iwapo moja ingekwisha wino.

Nilikaa tangu alfajiri. Foleni ilizunguka shule, na nusu ya watu waliopita mbele yangu walinikonyeza. Nilifurahi mpaka nikasahau kula. Kiasi cha saa tisa alasiri kijana nisiyemjua alisimama dirishani akaniambia mama yangu ameanguka, wanatafuta mtu wa kumpeleka hospitali. Sikumuuliza jina. Nilivua viatu nikakimbia, nikaupita uwanja wa stesheni na Gulio lote mpaka nyumbani. Mama alikuwa amekaa barazani anasuka ukili. Aliniangalia miguu, akaniuliza nani amekufa.

Niliporudi, kituo kilikuwa kimeshafungwa na ndani wanahesabu. Askari mlangoni alikataa kunifungulia. Alisema aliyetoka ametoka. Nilikaa chini ya dirisha la darasa la nne nikasikia karatasi zinahesabiwa, jina lako na la mwenzako, na nikajaribu kuhesabu kwa vidole, nikapotea. Walipofungua mlango, jua lilikuwa linazama. Msimamizi wa kituo akaniwekea fomu mbele. Mawakala wengine walikuwa wameshasaini. Nikaangalia namba yako, nikaona ni ndogo. Haikufanana na ile foleni niliyoiona. Yule msimamizi aliniuliza kwa upole kabisa, "Binti, unasaini au unaandika malalamiko?"

Ili niandike malalamiko ingebidi niandike kwamba sikuwepo. Kwamba niliondoka kwenye kituo cha mjomba wangu kwa neno la mtu wa dirishani. Nikasaini.

Mpaka leo sijui kilichotokea katika chumba kile. Inawezekana kura zilihesabiwa sawasawa, na walionikonyeza walikuwa wananikonyeza tu. Ninachojua ni kwamba niliandika jina langu chini ya hesabu ambayo sikuiona.

Kesho yake mchana wakatangaza. Ulikuwa umeshindwa kwa kura chache kuliko watu waliokuja kwenye arusi ya Rehema. Watu walijaa mbele ya duka lako mpaka relini. Wakili aliyekuja kutoka Dar es Salaam kukusaidia alikuwa amezipanga nakala za fomu mezani, katikati ya redio, akazipitia moja moja. Akasema vituo vyote havina neno, isipokuwa Stesheni, hapo hesabu inatia shaka, na kesi ya kupinga matokeo itasimama au itaanguka hapo. Akauliza wakala wa Stesheni ni nani.

Wote wakanigeukia. Wakili akaniuliza kama nilikuwepo kura zikihesabiwa.

Nikasema, "Nilikuwepo. Hesabu ilikuwa sawa."

Wewe uliniangalia, si kwa muda mrefu. Kisha ukasimama juu ya lile kreti la soda, ukawaambia watu kwamba umeshindwa, umekubali, na kesho asubuhi utakwenda kumpa mkono mwenzako kama ulivyofanya siku zote. Vijana walianza kuzomea. Mmoja akasema umenunuliwa. Na mimi, Mjomba, mimi niliyekuwa nimetoka kuiua kesi yako kwa mdomo wangu, nikajiunga nao. Nilipiga kelele kuwashinda wote. Nilikuita mwoga mbele ya mji mzima. Kadiri sauti yangu ilivyopanda ndivyo nilivyoona hakuna atakayekumbuka kuniuliza tena.

Ulishuka kwenye kreti ukaja mpaka nilipokuwa. Nilidhani utanipiga kofi, na nilikuwa tayari. Ukaniuliza, "Umekula tangu jana?"

Niliondoka.

Yaliyofuata unayajua, lakini wasomaji wengine hawayajui. Waliandika neno msaliti kwenye mlango wa duka lako kwa rangi nyekundu. Ulipaka juu yake rangi ya kijani iliyobaki kwenye madirisha, ukafungua duka saa ileile ya siku zote. Wateja walipungua. Watu uliokaa nao msikitini miaka thelathini walianza kuitikia salamu yako kwa kichwa tu. Ilisemekana umeahidiwa ukuu wa wilaya. Miaka ikapita, ukuu wa wilaya haukuja, wakasema basi umelipwa kwa njia nyingine. Hukugombea tena, wala hukujitetea hata siku moja. Mimi mwaka uliofuata nikapata nafasi ya kuja London kusoma. Ulinisindikiza stesheni. Ulinibebea sanduku na mimi sikukutazama usoni.

Hapa nimefanya kazi za kuhudumia wazee tangu siku hizo. Sasa niko kwenye nyumba ya wazee kule Tottenham, nachukua basi moja tu. Wazee wangu wengine hawakumbuki majina ya watoto wao, lakini siku ya uchaguzi wanataka wavalishwe vizuri wapelekwe wakapige kura. Yupo mmoja, Mjamaika, fundi wa mabasi zamani, anayeniamuru nimfunge tai. Nikimfunga tai hiyo nakuwaza wewe. Miaka mingi niliona aibu kukuwaza. Nilikutumia salamu kupitia kwa mama, na wewe ukanirudishia salamu kupitia kwa mama.

Halafu ukaugua, na mama akaniambia kama nina la kukuambia nisingoje. Nilikupigia wakati wa mapumziko, nimesimama uani kazini, nje baridi. Nilikuambia yote kwa mkupuo, kijana wa dirishani, mama na ukili wake, askari, fomu. Nilipomaliza sikusikia kitu, nikadhani simu imekatika. Kumbe ulikuwa unacheka, kile kicheko chako cha kuvua miwani, ila sasa kilikuwa kinakuchosha.

"Nilijua," ukaniambia. "Ulipita mbele ya duka umebeba viatu mkononi. Nilikuita hukusikia."

Nikakuuliza kwa nini basi hukusema. Kwa nini hukumwambia wakili.

Ukanijibu taratibu, unapumzika kila baada ya maneno machache: "Mahakamani wangekusimamisha wewe, mama. Wangekuuliza ulikuwa wapi, na mji mzima unakusikiliza. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili tu. Mimi kushindwa nilikuwa nimeshazoea."

Nililia pale uani mpaka mwenzangu wa zamu akatoka kuniangalia. Nikakuambia nitawaambia watu. Ukasema hapana, niache, yamepita, ulichotaka ni nije tu likizo na Salma umwone. Sikuwahi. Ulifariki kabla sijapata ruhusa. Uliniomba ninyamaze na mimi nikakutii, na leo nakiri kwamba niliona raha kukutii. Nilijiambia naheshimu ombi la marehemu, kumbe nilikuwa nimejificha nyuma yake.

Kilichonitoa huko ni jimbo lenyewe. Ile habari ya kugawanywa ilipotoka, watu wa kwetu walioko huku na huko duniani wakaanza kutumiana kumbukumbu kwenye simu. Kijana mmoja wa Gulio, ambaye siku zile alikuwa bado ananyonya, akaandika historia nzima ya uchaguzi ya Jimbo la Mjini, tangu jembe na nyumba. Aliandika vizuri, Mjomba. Karani wa reli alikuwepo, hata lile dirisha aliloomba lifungwe. Yule mwalimu wako naye alikuwepo. Nilisoma kwenye basi huku natabasamu peke yangu. Nikafika kwako. Wewe amekupa mistari miwili. Aliandika kwamba mgombea wa upinzani, fundi redio, aliuza ushindi wa wananchi, na kwamba inasemekana alilipwa. Hakukuandika hata jina. Na bomba la Gulio amempa yule mfanyabiashara.

Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu, nikatembea.

Jioni ile Salma alikuwa anakula. Ametimiza miaka kumi na minane, na mwezi huohuo alikuwa amepiga kura yake ya kwanza hapa mtaani, kwenye ukumbi wa kanisa nyuma ya soko. Nilikwenda naye. Alikuwa amevaa kama anakwenda karamuni. Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, wewe naye, siku zile za mwisho, mlikuwa mkiongea kwenye simu kila mtu kwa lugha yake na mnaelewana. Nikamsomea ile mistari miwili. Akauliza kama ni kweli. Nikamwambia si kweli, na nikamsimulia, mtu wa pili duniani kusikia baada yako. Hakunihukumu. Alitafuna, akafikiri, akaniuliza kwa nini namwambia yeye wakati waliodanganywa ni wengine. Akaosha sahani yake akaenda kulala, na mimi nikabaki na swali lake.

Kwa hiyo nasema hapa, na barua hii nitaituma kulekule ilikotumwa historia ile, wasome wote, wa jimbo la zamani na wa majimbo mawili mapya. Wakala wa kituo cha Stesheni nilikuwa mimi. Niliondoka kituoni, nikarudi nikakuta mlango umefungwa na kura zinahesabiwa bila mimi, nikasaini, kisha nikasema uongo mbele ya wakili na mbele yenu. Mjomba wangu alijua, akakubali kushindwa ili msinione. Hakuuza kitu. Hakuna mtu aliyemlipa. Kama kuna jina la kuandikwa kwenye mistari ile miwili, liandikwe langu. Na bomba la Gulio mrudishieni Athumani Fundi, maana daftari la bluu liko kabatini kwa mkewe, na maji yamo, mstari wa nne.

Barua niliishia hapo juzi; kabla ya kuituma nilimpigia Mama Rehema, jana. Niliona si haki aisikie kwa watu. Nilimsomea yote tangu mwanzo. Alicheka kwenye paa la Bibi. Alicheka kwenye spika ya baiskeli, akaniongezea kwamba ile betri ya gari uliiazima kwa kaka yake na hukuirudisha. Tangu nilipofika kwenye fomu sikumsikia tena. Nilisoma mpaka mwisho nikamngoja.

Nilikuwa na hakika kwamba ulimwambia, Mjomba. Miaka yote hiyo nilidhani nyinyi wawili mlikuwa mnaibeba siri yangu pamoja. Kumbe hukumwambia hata yeye.

"Mimi nilikuwa najiuliza," akaniambia. "Nalala naye, napika anakula, na moyoni najiuliza kama kweli walimpa kitu. Nilimuuliza mara moja tu. Akaniambia, Mama Rehema, nimeshindwa, basi. Sikumuuliza tena, lakini sikumwamini." Kisha akasema, "Ungeniambia mapema, Zuhura, ningemwomba radhi akiwa hai."

Hilo sina namna ya kulirekebisha. Nilimwomba radhi yeye, nikamwomba tena. Hakuniambia amenisamehe, na sikutarajia aniambie kwa siku moja. Aliniuliza kama nimeshaituma barua. Nikamwambia bado, akitaka nitaichana. Akaniambia niitume. Akasema Jumamosi baada ya swala ya alasiri atatandika mikeka uani, ataita watu wa Stesheni na wa Gulio, hasa wale waliokuwa wakikuitikia kwa kichwa, na yule kijana aliyeandika historia, na atamkabidhi Rehema aisome kwa sauti. Kisha akakata simu bila kuaga, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Leo asubuhi amenipigia mwenyewe. Alitaka kujua kwa saa za huku itakuwa saa ngapi. Nikamwambia. Akasema wataniweka kwenye simu katikati ya mkeka, kwa hiyo watakaokuwa na la kuniambia waniambie. Najua watakuwepo wengi, na najua baadhi ya watakayosema. Nimeomba ruhusa kazini. Salma amesema atakaa na mimi.

Nakuaga, Mjomba. Nimekupenda tangu nikiwa mtoto wa juu ya kreti, na hata miaka ile niliyoshindwa kukutazama nilikupenda, ndiyo maana nilishindwa. Mungu akupe nafasi pana huko uliko. Sisi huku Jumamosi tutakaa na simu mpaka mtu wa mwisho aondoke kwenye mkeka.

Mpwa wako,
Zuhura